Radi Nyanda za Juu Kusini: maswali ya wanafunzi na majibu

Kwa nini mvua za huku kwetu hazikosi radi, tena mara nyingi mchana?

Mvua za msimu Mbeya, Njombe na Iringa huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Rungwe na Kyela hata Mei. Miezi hiyo hewa imejaa unyevu. Jua la asubuhi linapasha ardhi joto, hewa iliyo juu yake inakuwa nyepesi na kupanda. Milima inaongezea: upepo wenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa ukifika kwenye milima ya Livingstone au Uporoto hauna pa kupita ila juu. Kila kilomita moja ya kupanda, joto hushuka nyuzi 6 hivi, na mvuke unageuka matone. Ikifika saa nane au tisa mchana, wingu limeshapanda zaidi ya kilomita 10. Ndiyo maana miteremko ya Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Usangu, ng'ambo ya milima, hupata kidogo sana kuliko hapo.

Wingu ni maji. Umeme unatoka wapi?

Huko juu si maji tena, ni barafu. Chembe ndogo zinazopanda hugongana na vipande vizito vinavyoshuka. Katika kugongana, chembe ndogo huondoka na chaji chanya kwenda juu, vizito hubaki na chaji hasi chini. Hewa ikishindwa kuzitenganisha, umeme unapita. Njia yake hufikia nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi. Hewa inatanuka ghafla, na mpasuko huo ndio ngurumo.

Nguo nyekundu inavuta radi? Na kuna radi ya kutumwa?

Hapana, mara mbili. Radi hufuata urefu na umbo la kitu, si rangi wala ugomvi wa majirani.

Nitajuaje kama iko karibu?

Hesabu sekunde tangu mwanga hadi ngurumo, gawanya kwa 3: umepata kilomita. Lakini usingoje hesabu ikubane. Ukisikia ngurumo tu, tayari uko mahali ambapo radi inaweza kufika, hata kama tone halijadondoka. Ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wengi huumia hapo, mvua ikikatika na watoto kurudi uwanjani.

Imenikuta njiani natoka shule. Nikimbilie wapi?

Nyumba yenye kuta imara, au gari lenye bodi la chuma lililofungwa vioo: daladala, basi, lori. Bodaboda, bajaji na kibanda cha nyasi cha shambani havikukingi. Mabuti ya mvua pia hayasaidii kitu.

Mlingoti au mparachichi uliosimama peke yake ndio mahali pabaya kuliko pote. Radi ikiupiga, umeme unaweza kuruka kutoka shina hadi kwa mtu, na unaobaki husambaa ardhini kuzunguka mizizi. Unaingia mguu mmoja na kutokea mwingine. Ng'ombe hufa wengi kwa mpigo mmoja kwa sababu hiyo: miguu ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, na moyo uko katikati.

Kama hakuna pa kuingia, shukeni kilimani, acheni majembe, kaeni mbali na waya za uzio, na muachane hatua 20 hivi ili mmoja akipigwa wengine wabaki kumsaidia. Usilale chini.

Ukiwa ndani, acha bomba, soketi, simu iliyo kwenye chaji, na nondo za dirisha.

Mwenzetu kapigwa. Tukimgusa, tutanaswa?

Hamtanaswa. Mwili wake haubaki na umeme. Kinachoua ni moyo na pumzi kusimama, na dakika za kwanza ndizo za kumwokoa.

Mwite, mtikise bega, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kukoroma kwa kukatikakatika si kupumua. Kama hapumui, mmoja akaite mtu mzima na usafiri. Wewe mlaze chali pagumu. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, sukuma sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kirudi kila mara. Baada ya 30, inua kidevu, bana pua, puliza pumzi 2 mpaka kifua kinyanyuke. Pumzi hizi usiziruke: kwa aliyepigwa radi, moyo mara nyingi hurudi wenyewe, lakini upumuaji huchelewa, na moyo ukikosa oksijeni unasimama tena. Badilishaneni kila dakika 2, kwa sababu aliyechoka hasukumi vya kutosha. Msimmwagie maji, msimfukie udongoni.

Wakiwa wengi, anzeni na aliye kimya. Anayelia anapumua.

Kaamka, anatembea. Bado aende hospitali?

Ndiyo, siku hiyohiyo. Mapigo ya moyo yapimwe, na masikio pia, kwani ngoma ya sikio hupasuka mara nyingi. Ganzi ya miguu mara nyingi huisha ndani ya saa chache. Kusahau, kukosa usingizi na maumivu ya kichwa vinaweza kudumu kwa wiki au miezi, kwa hiyo mwalimu wake aambiwe.