Pua kwa Kiingereza: kwanza uliza inatazamwa kutoka wapi

Wanaojifunza kutafsiri riwaya huniomba orodha ya maneno ya Kiingereza yanayoeleza pua. Orodha haisaidii sana. Kinachosaidia ni kujua kama mwandishi anamtazama mtu wake kwa ubavu au usoni, kwa sababu maneno mengi yana maana upande mmoja tu.

Kwa ubavu kinachoonekana ni mwamba wa pua. Ukiwa umenyooka kutoka kipajini hadi nchani bila bonde kati ya macho, hiyo ni Greek, pua ya masanamu ya Ugiriki ya kale. Ukiwa na kinundu katikati, ni Roman au aquiline, neno lililotokana na jina la Kilatini la tai. Ncha nayo ikiinama kama kulabu, ni hooked. Tofauti ya aquiline na hooked usoni ni ndogo mno. Kitabuni ni kubwa. Jemadari hupewa aquiline, mchawi na mkopeshaji hupewa hooked, na Wayahudi wa Ulaya walichorwa hivyo kwa dhihaka kwa karne nyingi. Mtafsiri asiyelijua hilo huandika "pua iliyopinda" kote kote, na lawama iliyofichwa humo hupotea.

Lawama hizo zilikuwa na wafuasi wasomi. Lavater, mchungaji wa Zurich, alifundisha kwamba tabia husomeka usoni. Mwaka 1831 Kapteni FitzRoy alikaribia kumkatalia Charles Darwin nafasi katika meli ya Beagle kwa sababu ya pua yake: alitilia shaka kama mwenye pua ya namna ile angekuwa na nguvu na uthabiti wa kustahimili safari. Darwin mwenyewe ameyaeleza hayo katika tawasifu yake. Mwaka 1848 George Jabet, kwa jina la bandia Eden Warwick, alitoa kitabu kizima cha kupanga pua kwa madaraja ya tabia. Ya Kirumi aliisifu. Snub, ile fupi yenye ncha iliyoinuka, aliiponda vibaya.

Snub bado ina harufu hiyo. Pug, jina la mbwa mwenye uso bapa, ni tusi kabisa. Umbo lilo hilo likiwa la msichana anayependwa, mwandishi hukimbilia Kifaransa na kuandika retroussé. Button, pua ndogo ya mviringo kama kifungo, ni ya watoto, au ya mtu mzima anayedekezwa.

Usoni kuna bulbous, ncha nene ya mviringo, ambayo riwaya za Kiingereza humbandika mlevi. Ni uonevu: ugonjwa wa ngozi uitwao rosasia unaweza kuinenepesha pua hivyo hata kwa mtu asiyeonja pombe.

Broad na flat huchanganywa kila siku. Broad ni upana, hasa wa mianzi. Flat ni mwamba uliolala. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Na pua ya upanga je? Wengi huiandika aquiline kwa kuwa inasikika ya fahari, lakini upanga tunaousifu umenyooka. Mimi huandika straight, au narrow na high-bridged. Ingekuwa pua ya kitara, upanga uliopinda, hapo aquiline ningeikubali.