Mionzi haijaunguza meno, imekausha mate

"Dokta, mionzi imeniunguza meno." Kauli hii inanichosha kwa sababu ya kinachoifuata: mgonjwa anaamini mambo yameshaisha, anatupa mswaki.

Tusikilizane. Mionzi ya saratani ya koo, ulimi au taya ikipita kwenye tezi za mate, tezi zinanyauka. Mate yanapungua mapema, ndani ya wiki za kwanza za matibabu, na yanayobaki yanavutika kama mlenda. Mate ndiyo yanayoosha sukari, yanayozimua asidi na kulirudishia jino madini. Yakikosekana, chai moja ya sukari inakaa na meno hadi chai ijayo. Ndiyo maana kuoza huku kuna sura yake: kunaanzia shingoni mwa jino, pale linapokutana na ufizi, kunalizunguka kama mkufu, au kunashika ncha za meno ya mbele ya chini, ambayo kwa watu wengine huoza mwisho. Taji, yaani sehemu ya jino inayoonekana juu ya ufizi, linaweza kukatika lote bila mgonjwa kusikia maumivu. Na hata meno ambayo mionzi haikuyafikia yanaoza vilevile. Sasa hayo yaliunguzwa na nini? Aliyepigwa mionzi ya titi au ya mlango wa kizazi haoni kitu cha namna hii.

Nikiri hapa: wapo waliochunguza maabara wakaona mionzi inadhoofisha pale enameli, ganda gumu la nje la jino, inaposhikana na dentini iliyo chini yake, na wapo ambao hawakuona. Hawajapatana. Lakini hata wa kwanza wakiwa sahihi, tiba haibadiliki.

Tiba ni floridi nyingi, kila siku, maisha yote. Dawa ya meno ya dukani ina floridi kati ya ppm 1,000 na 1,500 (ppm ni sehemu katika kila milioni). Hapa inatakiwa ya 5,000, asubuhi na usiku. Njia nyingine ni trei za plastiki zilizofinyangwa kwa meno yako, jeli ya sodiamu floridi ya asilimia 1.1, dakika 5 hadi 10 kabla ya kulala. Tema, usisukutue, usile wala usinywe kwa nusu saa. Jeli yenye asidi usiiguse, itachoma vidonda vya mdomoni. Vitabu vinazipenda trei. Mimi naona mswaki unaotumika unaishinda trei iliyolala kabatini. Ya 5,000 ikikosekana, piga mswaki kwa ya kawaida kila baada ya mlo.

Halafu kuna mtu wa Arusha au Meru: "Floridi ndiyo iliyotutia meno ya kahawia, leo unaniongezea?" Swali halali, jibu fupi. Ule ukahawia unaingia utotoni, jino likiwa bado linaumbika ndani ya taya, kwa maji unayoyanywa. Jino la mtu mzima limeshaumbika, halipati tena madoa yale. Na hii unaitema.

Sukutua mara kwa mara: lita 1 ya maji, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha beking soda. Si beking poda, wala magadi ya maharage. Changanya upya kila siku. Ndimu ya "kuita mate" acha. Ni asidi juu ya jino lisilo na mlinzi. Wanaokuja kumjulia hali mgonjwa na glukosi na juisi za boksi, nawaomba walete maji na mayai. Hata nistatini ya maji ya kutibu fangasi mara nyingi ina sukari: usiiache, ila sukutua nusu saa baadaye.

Meno yasiyookoleka yang'olewe kabla ya mionzi, siku 14 angalau, 21 ni bora. Baada ya mionzi, taya la chini lililopata dozi ya zaidi ya grei 50 (grei ni kipimo cha mionzi) linaweza lisipone kidonda, mfupa ukabaki wazi na kuanza kufa. Hatari hiyo haiishi hata ikipita miaka 10. Kwa hiyo karatasi inayoonyesha ulipigwa wapi na dozi gani itunze, na anayeshika koleo aisome kwanza.