Dawa iliyozuia pumu kwa panya ilitolewa lini?

Kila kiangazi, upepo wa Dodoma unapotimua vumbi na vifua vya watoto vinapoanza kulia, wazazi huniuliza: kama wataalamu wameona vumbi la zizi linazuia pumu, mbona tusiwapeleke watoto zizini? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika namna tunavyowafanyia panya majaribio.

Panya haugui pumu mwenyewe, tunamtengenezea. Anachomwa tumboni ovalbumini, protini ya ute wa yai, pamoja na chumvi ya aluminiamu, na baada ya wiki mbili hivi anachomwa tena. Kinga yake inaichukia protini ile na kuanza kutengeneza IgE, kingamwili za mzio. Ndipo tunapomvutisha protini hiyohiyo. Mapafu yanavimba, makamasi yanajaa, na tukiyaosha kwa maji ya chumvi tunakuta eosinofili, chembe nyeupe ambazo kwa panya mzima ni adimu sana humo.

Dawa ya kurekebisha kinga ikitolewa kabla ya sindano ya kwanza, tunapima kama inamkinga panya asipate mzio. Ikitolewa mapafu yakiwa yameshavimba, hapo ndipo tunapima tiba. La kwanza hufaulu kwa urahisi zaidi. Mgonjwa aliyeko hospitali anahitaji la pili.

Utafiti wa vumbi, uliochapishwa 2016, ulilinganisha jamii mbili za wakulima wa Marekani: Waamish, wanaolima kwa farasi, na Wahutterite, wenye mashamba ya mashine. Kati ya watoto 30 wa Kiamish hakuna aliyekuwa na pumu. Kwa Wahutterite walikuwa 6 kati ya 30. Panya waliowekewa puani vumbi la nyumba za Waamish walikingwa, lakini hawakusubiriwa waugue kwanza. Waliokosa MyD88 na Trif, protini ambazo kinga ya asili huzitumia kupokea taarifa za vijidudu, hawakupata kinga hiyo. Matokeo haya nayapenda mno. Lakini mtoto wa Chamwino au Kongwa ambaye tayari anabanwa, vumbi la zizi laweza kumzidishia, na asiachishwe inhela yake.

Hata dawa inayotolewa baada ya ugonjwa ina mtihani wake. Dawa ya mepolizumabu huzuia interlukini 5, protini ya kinga inayolisha eosinofili, na kwa wanyama njia hiyo ilitia moyo sana. Ilipojaribiwa kwa watu, matokeo ya 2000 yalionyesha eosinofili zimepungua, ila njia za hewa zilibana vilevile. Panya wetu wote wana pumu ya aina moja. Binadamu wana aina nyingi. Mwaka 2009 watafiti waliwachagua wagonjwa ambao eosinofili zao zilibaki juu licha ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na mashambulizi yakapungua. Marekani iliidhinisha dawa hiyo 2015, kwa pumu kali ya aina hiyo tu.