Dishi la Nyumbani Dodoma: Picha Kuonekana Si Mwisho wa Kazi

Mvua kubwa za Desemba zikianza Dodoma, malalamiko huwa yale yale: king'amuzi kimeandika hakuna mawimbi, na fundi aliyefunga dishi mwezi Agosti hapokei simu. Wengine hulaumu mawingu, wengine kampuni ya matangazo. Mara nyingi kosa lilikuwepo tangu siku dishi lilipofungwa, ila kiangazi kililificha.

Zamani, enzi za analojia, mawimbi yakipungua chenga zilijaa kwenye skrini na ulijua mapema kwamba antena imehama. Dijitali haitoi onyo la namna hiyo. Picha hubaki safi mpaka mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, hapo huanza kuganda, kukatika vipande, kisha kupotea. Kwa hiyo dishi lililolengwa sawasawa na lile lililopinda kidogo huonyesha picha ile ile siku ya jua. Tofauti yake ni akiba ya mawimbi. Mvua hunyonya mawimbi ya bendi ya Ku, ambayo ving'amuzi vyetu vingi vya dishi hutumia, na dishi lisilo na akiba huzimika kwa manyunyu tu. Sisi tunaofundisha ufundi wa elektroniki tungependa kila mwenye nyumba ajue hili kabla hajamlipa fundi kwa sababu tu picha imetokea.

Satelaiti hizi ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786, na huzunguka sambamba na dunia, ndiyo maana kwetu zinaonekana zimesimama pale pale. Dodoma iko nyuzi 6 na ushee kusini mwa ikweta, kwenye longitudo ya karibu nyuzi 35.7 mashariki. DStv hutumia satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, yaani karibu juu ya utosi wetu: mwinuko wake, yaani pembe kutoka usawa wa ardhi, kwa mtu wa Dodoma ni kama nyuzi 83, na mwelekeo ni kaskazini, upande wa Kondoa. Azam TV iko nyuzi 7 mashariki. Hiyo unaitafuta magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo, kwenye nyuzi 281 za dira na mwinuko wa karibu nyuzi 56. Singida au Mpwapwa namba hizi hubadilika kidogo tu. Ndiyo maana ukipita Nkuhungu au Kizota unaona madishi mawili ya nyumba moja yametazama pande tofauti, na yote yako sahihi.

Usidanganywe na macho. Madishi mengi ya nyumbani yametengenezwa kupokea mawimbi kwa mshazari, LNB (kile kichwa kidogo kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) ikiwa kwenye mkono wa chini, kwa hiyo huonekana yametazama chini zaidi ya yanakolenga. Fuata alama za nyuzi zilizo kwenye kishikizi cha nyuma. Alama hizo husema kweli pale tu nguzo inaposimama wima kabisa. Pima nguzo kwa pima maji pande mbili, kisha ndipo upachike dishi. Hatua hii inachukua dakika chache, na nasikitika kusema ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Kuna jambo moja zuri ambalo jua hutusaidia. Siku chache kuzunguka Machi 23 na tena Septemba 20, jua hupita nyuma ya satelaiti zetu kama tunavyoziona kutoka hapa. Kwa ile ya nyuzi 7 hutokea karibu saa tisa alasiri, kwa ile ya nyuzi 36 ni baada ya saa sita na nusu mchana. Picha inaweza kukatika kwa dakika chache, nawe usiguse kitu, itarudi yenyewe. Lakini tumia dakika hizo kuangalia dishi lako: kama kivuli cha mwembe au cha ghorofa jipya la jirani kimeliangukia, basi mti huo au ukuta huo umesimama kwenye njia ya mawimbi. Hakuna spana itakayotibu hilo, itabidi ukate matawi au uhamishe dishi.

Tuje kwenye kulenga kwenyewe. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu hupanda hata dishi likitazama pasipo na satelaiti yako, kwa kuwa LNB yenyewe hutoa kelele za kielektroniki. Mstari wa kufuata ni ubora. Kaza nati kiasi cha dishi kusogea kwa kulazimishwa, mweke mtu mbele ya runinga akusomee namba kwa simu, kisha sogeza taratibu na usubiri sekunde chache kila unaposogeza, maana king'amuzi kinahitaji muda kuyakamata mawimbi. Wengi hukosa hapa: anayesoma anapiga kelele "hapo hapo!", aliye juu anakaza nati, kazi imeisha. Kumbe amekamata ukingo. Dishi la sentimita 90 huona upana wa takriban nyuzi 2 tu, na nyuzi moja kwenye ukingo wa dishi hilo ni milimita 8. Sogeza kushoto mpaka ubora ushuke, weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Sogeza kulia mpaka ushuke, weka nyingine. Kaa katikati. Fanya vivyo hivyo kwa mwinuko.

Kwa satelaiti ya nyuzi 36, tumia muda zaidi kwenye mwinuko. Iko juu mno kiasi kwamba ukikosea dira kwa nyuzi 5, kwenye anga umekosea kwa nyuzi 0.6 tu. Kosa hilo hilo kwa ile ya nyuzi 7 ni karibu nyuzi 3, na hapo hupati kitu.

Kisha LNB, ambayo wengi huiacha ilivyotoka dukani. Mawimbi ya satelaiti hutumwa kwa ulalo na kwa wima, lakini mielekeo hiyo hufuata ikweta, wala si ardhi ya nyumbani kwako. Kwetu, satelaiti iliyo magharibi huhitaji LNB izungushwe karibu nyuzi 77. Ukisimama nyuma ya dishi ukitazama magharibi, zungusha kinyume cha saa mpaka tundu la waya, ambalo kwa kawaida hutazama chini, lielekee karibu kaskazini. Malizia kwa kufuata ubora. Kwa ile ya nyuzi 36 mzunguko ni nyuzi 2 au 3, hauna shida.

Zima king'amuzi kabla ya kuunga au kuchomoa waya, kwa kuwa hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenye LNB. Kaza nati kwa kupokezana, hii kidogo na ile kidogo, huku ubora ukisomwa, kwani dishi huhama linapokazwa. Usifunge nguzo kwenye bati. Upepo wa Julai na Agosti hapa kwetu unaujua mwenyewe. Na kama kuna nyaya za umeme karibu, au radi inanguruma, shuka.

Ukimaliza, andika namba ya ubora na tarehe kwenye kipande cha karatasi, ubandike nyuma ya king'amuzi. Mvua nzito itaweza kukata picha hata kwa dishi bora, na kulizungusha mvua ikinyesha ni kuharibu. Ngoja ikatike. Namba ikirudi pale pale, dishi ni zima. Isiporudi, anza na kiungio cha waya kwenye LNB, kifungue uone kama kimeingia maji, ndipo uangalie alama zako za kalamu.