Linaloli: harufu ya giligilani na kasoro ya chupa iliyoachwa wazi

Punje za giligilani tununuazo Marikiti, soko letu hapa Mombasa, zikitwangwa kabla ya kukaangwa, hutoa harufu tamu ya maua ambayo wengi hawaitarajii katika kiungo cha mchuzi. Harufu hiyo kwa sehemu kubwa ni linaloli, kemikali ya asili ya mimea, ambayo katika mafuta yanayokenekwa kutokana na punje hizo huwa takriban asilimia 60 hadi 80. Imo pia katika mrehani na asumini, na kwa hiyo kila avaaye kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia, huwa ameibeba.

Linaloli ya giligilani na ile ya mrehani zina atomi zilezile, 10 za kaboni, 18 za haidrojeni na moja ya oksijeni, zilizoungana kwa mpango mmoja, ila zinahitilafiana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Pua huzitofautisha: ya giligilani hukaribia majani ya mdanzi, ilhali ya mrehani huelekea harufu ya ubao. Mimi, baada ya miaka mingi katika kemia ya manukato, bado naliona jambo hili kuwa la ajabu.

Mama mmoja wa Kibokoni aliniuliza, “Mwanangu, mafuta haya nimeyapaka mwaka mzima, mbona sasa yaniwasha?” Nilipoiona chupa yake ya mafuta yenye linaloli, ilikuwa imebaki robo, haina kizibo, na ilikuwa ikikaa dirishani penye jua.

Linaloli safi ni nadra kuidhuru ngozi. Ikiachwa wazi kwa majuma kadhaa, oksijeni ya hewani huishika karibu na vifungo vyake maradufu (pale atomi mbili za kaboni zilipoungana mara mbili) na kuzaa haidroperoksaidi, yaani kemikali zilizobeba oksijeni ya ziada, na hizo ndizo zinazoifundisha ngozi kuwa na mzio. Joto la mji wetu huharakisha mabadiliko hayo, na chupa kadiri inavyopungua mafuta ndivyo inavyojaa hewa. Kwa hiyo nasisitiza chupa ndogo za kioo cheusi, zilizojazwa hadi shingoni, zikafungwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi.

Nilimwomba mama asiyapake tena, hata tone, kwa sababu ngozi iliyokwisha kupata mzio haisahau, na nikamshauri aangalie lebo za sabuni na losheni zake. Umoja wa Ulaya huwataka watengenezaji waitaje linaloli inapozidi asilimia 0.001 katika vipodozi vinavyoachwa mwilini, na 0.01 katika vile vya kuoshwa.