Dhana potofu kuhusu magari ya mtumba yanayotembea nchi kavu na majini

Magari madogo ya magurudumu 6 au 8 yanayoelea majini, kama Argo ya Ontario, Kanada, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1967, huuzwa sana yakiwa yametumika, na wanunuzi wengi huyakagua kama wanavyokagua pikipiki.

Dhana ya kwanza ni kwamba injini ikiunguruma vizuri, gari ni zima. Ukweli ni kwamba injini ndiyo sehemu yenye nafuu, kwa kuwa mara nyingi ni ya Briggs & Stratton au Kohler, ambayo mafundi wengi wa mashine ndogo wanaifahamu. Gharama kubwa hujificha chini ya sakafu, ambako cheni hupeleka nguvu kwenye kila gurudumu na ekseli hupenya bodi kupitia beringi na oili sili (pete ya mpira inayozuia maji na oili kupita). Inua gari, shika kila gurudumu na ulitikise juu na chini: likicheza, huenda beringi imekwisha, na hapo maji huwa na njia ya kuingia. Kisha omba sakafu ifunguliwe uone cheni zilizolegea au kushika kutu. Muuzaji akikataa, ni afadhali kuacha.

Wengine huamini kuwa ufa wa bodi huzibwa kwa gundi au faiba. Bodi ya Argo ni ya polietilini, plastiki ambayo gundi za kawaida na resini hazishiki sawasawa, hivyo kiraka hubanduka. Ufa hutobolewa tundu dogo kila ncha ili usiendelee, ukasafishwa, kisha ukachomelewa kwa joto na kijiti cha polietilini.

Kosa la matairi hunisikitisha zaidi, maana huharibu gari zima. Mengi ya magari haya hayana springi. Tairi laini, lenye upepo wa psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 2 au 3 tu, ndilo linalomeza mishtuko, na likijazwa kupita kiasi, mishtuko hiyo huishia kwenye ekseli. Tena, kwa kuwa magurudumu ya upande mmoja yamefungwa pamoja kwa cheni na huzunguka sawa, kuchanganya tairi jipya na yaliyolika huyafanya yavutane na kuzichosha cheni.

Wala gari hili si boti. Husukumwa majini na kashata (meno ya juu) za matairi yake, polepole mno, kwa hiyo mkondo au upepo mkali hulishinda. Kabla ya kuliingiza ziwani, hakikisha vizibo vya bodi vimekazwa na pampu ya kutolea maji inafanya kazi.