Marehemu Hatungiwi Maneno

Juzi tena, tukitoka kwenye warsha ya kuandika visa vya kweli vya mauaji kwa mtindo wa riwaya, hapa Malindi, kijana mmoja akanifuata hadi nje. "Mwalimu, mradi tukio ni la kweli, mazungumzo si mtu anaweza kuyatunga?" Nimechoka kulisikia swali hili.

Hapana. Riwaya inatukopesha mpangilio, mandhari na taharuki. Ruhusa ya kusemesha watu lisilosemwa haitukopeshi. Nikiandika kwamba kusi lilivuma usiku wa mauaji, hainitoshi kwamba ulikuwa mwezi wa saba, maana kusi nalo hutulia. Namtafuta mvuvi aliyekuwa baharini usiku ule.

Watu hunitolea mfano wa mwandishi Mmarekani Truman Capote na kitabu chake In Cold Blood cha 1966, kuhusu familia ya watu wanne waliouawa Kansas mwaka 1959. Mpangilio wake naustahi sana: anatupitisha kwa zamu baina ya wauaji na familia hiyo, halafu saa yenyewe ya mauaji anaizuia hadi wauaji wanapokiri. Taharuki hiyo inatoka kwenye mpangilio. Lakini alihoji watu bila kuandika mbele yao, na onyesho la mwisho, pale makaburini, mpelelezi wa kesi anayeonyeshwa humo mwenyewe alisema halikutokea. Ukishalijua hilo unaanza kushuku hata kurasa alizozitolea jasho. (Wala si yeye aliyeanza. Rodolfo Walsh, mwandishi wa Argentina, alikuwa ameshatoa kitabu chake cha aina hii mwaka 1957.)

Wengine wananitaka niandike kwa mtindo huo kisa cha Shakahola, ambako mhubiri anashtakiwa kwa vifo vya wafuasi wake wanaodaiwa kufunga hadi kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni kule kuanzia 2023, ikiwemo mingi ya watoto. Nimtungie mtoto aliyekufa njaa sentensi ya mwisho ili msomaji alie? Sitafanya. Na mshtakiwa naye, kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinamhesabu hana hatia mpaka ithibitike. Nikiandika alivyokuwa akiwaza, nimeshamhukumu kabla ya hakimu.

Kinachonikera zaidi ni alama za kunukuu. Niliyoyasikia mahakamani na kuyaandika papo hapo, nayatia ndani ya alama. Ambayo jirani anakumbuka kuyasikia miaka mitatu nyuma, siyatii. Naandika kwamba jirani anakumbuka kumsikia marehemu akiambiwa aondoke. Sentensi inakuwa nzito, nakubali, ila msomaji anajua amekanyaga wapi. Aliyoyasema marehemu akiwa peke yake na muuaji hayana shahidi ila muuaji, basi nayaandika kama madai ya muuaji.

Hata hapo pana jambo linaloninyima usingizi. Bibi anatoa ushahidi kwa Kigiriama, mkalimani anautia Kiswahili, hakimu anauandika kwa Kiingereza. Mimi nauchukua kwenye kumbukumbu za mahakama, naurudisha kwenye Kiswahili, nautia alama za kunukuu. Maneno hayo ni ya nani? Kwa miaka mingi niliyachapa kama ya bibi, na wahariri wakapitisha.

Sasa naliandika neno la Kigiriama kama nilivyolisikia, tafsiri naiweka kando. Katika kesi ninayoiandika hivi sasa, shahidi alisema neno moja kuhusu mlango, feni ikipiga kelele juu yetu. Mkalimani alisema "ulifungwa". Mimi nilisikia kitu kilicho karibu zaidi na "ulizuiwa". Jumamosi napanda matatu kwenda kumuuliza mwenyewe, kama atakubali kunipokea.